Taa ya oili haitoshi kwa gari la zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wenzangu wanaoendesha magari ya zamani, hasa yale yaliyotoka kiwandani kabla kompyuta haijaingia kwenye injini, kuhusu kifaa kidogo ambacho wengi wetu hatuna: geji ya presha ya oili inayoendeshwa na oili yenyewe, bila kutegemea umeme. Kila ninapowasikia madereva wakisimulia jinsi injini zao zilivyonoki, simulizi huishia mahali pamoja. Mmoja husema taa nyekundu ya oili haikuwaka kabisa. Mwingine husema iliwaka, naye kabla hajapata pa kuegesha injini ilikuwa imekwisha kuanza kugonga. Wote huilaumu taa, ilhali taa ilifanya kile hasa ilichoundiwa kufanya, nacho ni kidogo mno kuliko tunavyodhani.

Swichi inayowasha taa hiyo imefungwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, na ndani ya swichi mna kiwambo chembamba kinachosukumwa upande mmoja na oili na upande wa pili na springi. Oili ikishinda springi, umeme hukatika na taa huzimika; springi ikishinda oili, taa huwaka. Katika magari mengi ya zamani springi hiyo hushindwa na presha ya pauni 4 hadi 7 tu kwa kila inchi ya mraba. Maana yake ni kwamba injini iliyokuwa na pauni 45 katika mwendo wa barabara kuu ilipokuwa mpya inaweza kushuka hadi 30, ikashuka hadi 20, ikafika 12, na muda wote huo taa ikabaki imezimika kana kwamba mambo ni shwari. Siku taa inapowaka gari likiwa mwendoni, metali za kranki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini), yaani zile beringi nyembamba za nusu duara, huwa zimekwisha kukosa utando wa oili unaozitenganisha na chuma kinachozunguka ndani yake.

Somo hili mimi nililipia. Pikapu yangu ya kabureta ilianza kukonyeza taa ya oili kila niliposimama baada ya safari ndefu, injini ikiwa ya moto na inazunguka polepole. Fundi niliyempelekea hakupima chochote. Alimwaga oili iliyokuwamo, akaweka nzito zaidi, taa ikaacha kukonyeza, nami nikamshukuru na kwenda zangu. Miezi michache baadaye, nikipanda mlima mrefu na mzigo nyuma, nilisikia mlio wa kugonga wa chini chini, wa chuma kwa chuma, uliokuwa ukiongezeka kila nilipokanyaga mafuta. Sampo, yaani beseni la oili chini ya injini, ilipofunguliwa nilioneshwa metali ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ya silinda ya tatu: tabaka lake la juu la kijivu lilikuwa limekwisha, rangi ya shaba imetokeza upana wa kidole, na chembe zake zilikuwa zikimetameta ndani ya oili iliyobaki kwenye beseni. Ile oili nzito ilikuwa imenificha ugonjwa tu, haikuuponya, na mimi sikuwa na kitu cha kunionesha tofauti.

Injini ilipofungwa upya niliomba iwekwe geji ya kimakanika, na tangu hapo nimejifunza mengi juu yake, mengine kwa kukosea. Ufundi wake ni wa kale na ni rahisi kuuelewa. Mwaka 1849 Mfaransa Eugène Bourdon alipata hataza ya geji iliyokusudiwa kwa mitambo ya mvuke, nayo ndiyo hiyo hiyo tunayoitumia kwenye magari. Ndani ya geji mna mrija wa shaba ya njano uliobapwa na kukunjwa mfano wa herufi C. Ncha moja imefungwa, na nyingine inapokea oili kutoka kwenye injini. Presha inapoongezeka mrija hujaribu kunyooka, kidogo sana, na ule mwendo mdogo hukuzwa na kijigurudumu cha meno hadi mshale ukazunguka juu ya namba. Hakuna fyuzi ya kuungua wala waya wa kulegea wa kuupotosha usomaji. Umeme pekee unaohitajika ni wa kibalbu cha kuangazia namba usiku. Geji za umeme zilizokuja na magari mengi huhitaji kihisio kwenye bloku na waya mzima hadi kwenye dashibodi, na gari likizeeka vyote viwili huanza kudanganya. Kuna hata magari yaliyowekewa mshale unaosimama katikati kila presha inapozidi ile ya swichi ya taa. Dereva huona mshale umetulia akadhani anasoma presha, kumbe anaitazama taa iliyovaa sura ya geji.

Kazi ya kufunga si ngumu, lakini ina mahali pawili ambapo haraka huleta hasara, napo ni kwenye meno ya kiungo na kwenye njia ya paipu. Mahali pa kuchukulia presha ni pale ilipo swichi ya taa, kwa sababu swichi hiyo tayari imefungwa kwenye mfereji mkuu wa oili. Wengi huitoa swichi na kuweka paipu ya geji badala yake. Naomba tusifanye hivyo. Kiko kiungo cha umbo la herufi T kinachobeba vyote viwili, swichi upande mmoja na geji upande wa pili, na sababu ya kuvitaka vyote ni kwamba dereva hawezi kuikodolea macho geji safari nzima, wakati taa humwita hata asipotazama. Aidha kimoja humshuhudia mwenzake: mshale ukilala kwenye sifuri huku taa imezimika, huenda hitilafu iko kwenye paipu; vikikubaliana kwamba presha imekwisha, hakuna cha kujadili, ni kuzima injini.

Sasa meno. Viungo vya ukubwa unaoitwa thumni ya inchi viko vya aina mbili: vya Kimarekani vina meno 27 kwa inchi, vya Kiingereza vina 28, na magari mengi ya Kijapani ya zamani hufuata hesabu ya Kiingereza. Juu ya hapo wako watengenezaji waliotumia meno ya milimita 10 yenye nafasi ya milimita 1. Jina la thumni hutokana na hesabu za mabomba. Kipenyo chenyewe cha nje hukaribia milimita 10, ndiyo maana aina zote tatu hufanana ukizishika mkononi. Ukiingiza isiyo yake, itazunguka vizuri mara mbili au tatu kisha itakaza, nawe utadhani imefika mwisho wake. Ukiongeza nguvu hapo utaua meno ya bloku, na bloku si kitu cha kubadilisha kama boliti. Njia ya uhakika ni kuitoa swichi ya zamani na kwenda nayo unapotafuta kiungo, ukailinganisha na kipimo cha meno, na siku ya kufunga uanze kwa vidole kabla ya kushika spana. Kiungo kikikataa vidole, kirudishwe kilikotoka.

Kuhusu tepu nyeupe ya mafundi bomba nina neno moja. Swichi nyingi za taa ya oili zina waya mmoja tu, na umeme hurudi kwa kupitia mwili wa swichi, meno yake, kiungo, na hatimaye bloku. Fundi akiyazungushia meno tepu mara nne au tano ili oili isivuje, anaweza kuikata njia hiyo ya umeme, na kuanzia siku hiyo taa haitawaka tena hata presha ikiwa sifuri. Gari litakuwa limepoteza mlinzi wake wa zamani siku ile ile lilipopata mpya. Zaidi ya hayo, kipande cha tepu kikichanika na kuingia kwenye mfereji huenda kikaziba tundu dogo la geji au kikaelekea mahali pabaya zaidi. Mimi hutumia gundi ya maji ya kuzibia meno, tone dogo, nikiyaacha meno mawili ya mwanzo yakiwa makavu. Kisha nafungua swichi ya gari bila kuwasha injini na kuhakikisha taa nyekundu inawaka. Ukaguzi huo huchukua muda wa kuvuta pumzi, lakini sijawahi kumwona fundi akiufanya bila kukumbushwa.

Paipu inayopeleka oili kwenye geji huwa ya nailoni au ya shaba nyekundu, nyembamba kama mrija wa wino wa ndani ya kalamu, na kila moja ina adui wake. Nailoni huogopa joto. Ikigusa bomba la moshi itayeyuka, na oili itakayomwagika hapo juu ya chuma kinachowaka inaweza kushika moto. Shaba haiogopi joto, lakini huogopa mtikisiko, kwa kuwa injini hucheza juu ya mipira yake wakati mwili wa gari umetulia, na shaba inayokunjwa na kunyooshwa mara maelfu huwa ngumu na hatimaye hupasuka, kwa kawaida pale pale kwenye nati. Dawa yake ni kuizungusha mara mbili au tatu, mzingo wa upana wa milimita 50 hivi, karibu na injini, ili mzingo huo uumeze mtikisiko. Paipu inapopita kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha dereva lazima tundu livikwe mpira, maana ukingo wa bati hukata kama wembe, polepole, bila mtu kujua. Anayeweza kupata hosi iliyosukwa kwa nyuzi za chuma aichukue, na ashikilie kipande chake kwa vibanio kila baada ya sentimita chache ili isining'inie.

Nasisitiza haya kwa sababu kifaa hiki huleta oili ya moto, yenye presha, hadi karibu na magoti ya dereva. Nati ya nyuma ya geji hubana pete ndogo ya shaba juu ya paipu, na pete hiyo ikishabanwa mara moja imekwisha kuchukua umbo. Ukiifungua na kuitumia tena kwenye paipu mpya, itavuja. Baada ya kufunga, injini iwashwe huku mtu mmoja akimulika tochi kwenye kila kiungo, iachwe hadi ipate moto, izimwe, kisha viungo vifutwe kwa kitambaa kikavu na kukaguliwa tena kesho yake. Wapo wanaohangaika kutoa hewa yote iliyomo kwenye paipu. Hakuna haja, hewa hupitisha presha sawasawa na oili, na kilicho muhimu zaidi ni kwamba kiungo kiwe na tundu jembamba kinywani mwake, ili paipu ikipasuka oili itoke kwa kudondoka badala ya kufyatuka.

Geji ikishafungwa, kazi iliyobaki ni ya kichwa. Watu huniuliza namba sahihi ni ngapi, nami huwajibu kwamba namba sahihi ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, na baada ya hiyo, ile ambayo injini yako yenyewe imekuwa ikiionesha ilipokuwa nzima. Mafundi wa zamani wana kanuni ya kukadiria, kwamba injini yenye moto wake wa kazi iwe na pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, hivyo kwenye mizunguko 3,000 mshale uwe kwenye 30 au zaidi. Kanuni hiyo inafaa kwa anayeanza, mradi asiifanye sheria, kwani ziko injini zilizoundwa kukaa juu ya hapo na nyingine zinazoishi miaka mingi zikiwa chini yake gari linaposimama. Kwa wenye geji zilizoandikwa bar, bar 1 ni pauni 14.5.

Asubuhi, oili ikiwa baridi na nzito, mshale huruka hadi 60 au hata zaidi, na hapo ndipo wengi hufurahi bure. Presha ya asubuhi haikuambii lolote la maana kuhusu metali. Inakuambia tu kwamba oili ni nzito na kwamba valvu ya kupunguzia presha, ile inayorudisha oili ya ziada kwenye sampo, inafanya kazi. Ukweli wa injini uko kwenye oili ya moto, na oili huchelewa kupata moto kuliko maji, kwa hiyo mshale wa joto la maji ukifika katikati bado ni mapema. Mimi huendesha dakika 20 kwanza. Kisha nachukua namba mbili: moja gari likiwa limesimama na injini inazunguka polepole, nyingine nikiwa kwenye mwendo wa kawaida wa barabara. Naziandika kwenye daftari dogo linalokaa kwenye droo ya dashibodi, pamoja na tarehe, uzito wa oili iliyomo na kilomita zilizosomwa. Namba peke yake ni picha. Daftari ndilo linalokuonesha gari linaelekea wapi.

Hapa niseme jambo ambalo nadhani ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Pampu ya oili haitengenezi presha. Inasukuma oili tu, na presha huzaliwa pale oili inapobanwa kupita kwenye nafasi nyembamba za metali. Nafasi hizo, zikiwa nzima, hukaribia sehemu 5 za mia za milimita. Oili inayovuja kupitia nafasi nyembamba namna hiyo huongezeka kwa mchemraba wa upana wake, yaani nafasi ikiwa mara mbili, oili inayotoroka huwa mara nane kwa presha ile ile. Pampu hukimbizana nayo mpaka ikashindwa, na mahali pa kwanza pa kushindwa ni kwenye mzunguko wa chini, injini ikiwa ya moto. Ndiyo maana ile namba ya gari lililosimama ni ya thamani kuliko zote. Na ndiyo maana oili nzito huipandisha presha bila kuponya kitu: inapita kwa shida, mshale unasimama, lakini zile nafasi zilizochakaa zimebaki vile vile. Anayebadilisha uzito wa oili aandike daftarini, la sivyo atajidanganya mwenyewe.

Mwaka mmoja baada ya kufunga geji, daftari langu lilionesha pauni 18, 18, 17 kwa gari lililosimama, kisha ghafla 13, na wiki iliyofuata 11. Injini haikuwa na mlio wowote na taa ilikuwa imezimika. Nilichomoa stiki ya oili nikaona kiwango kimepanda badala ya kushuka. Niliposugua oili ile kati ya vidole ilikuwa nyepesi kama maji na ilinuka petroli. Kiwambo cha pampu ya petroli, ile inayosukumwa na kamshafti (mhimili unaofungua valvu za injini), kilikuwa kimepasuka, na petroli ilikuwa ikidondokea moja kwa moja kwenye sampo. Nilibadilisha pampu, nikamwaga oili yote na filta yake, na mshale ukarudi kwenye 18. Bila geji ningesubiri mpaka petroli imeosha utando wote wa oili kwenye metali zile zile nilizokuwa nimezilipia mwaka uliotangulia.

Zipo ishara nyingine. Mshale unaolala kwenye kona kali au breki ya ghafla kisha ukarudi unasema oili imepungua, na mdomo wa pampu unavuta hewa pale oili inapokimbilia upande mmoja. Mshale unaochelewa sekunde kadhaa kupanda kila asubuhi, hali haukuwa hivyo zamani, huelekeza kwenye filta isiyozuia oili kurudi chini usiku, au pampu iliyochakaa. Mshale uliosimama juu kupita kawaida hata injini ikiwa ya moto usipongezwe, kwa kuwa valvu iliyonata au mfereji ulioziba huweza kuleta presha kubwa mahali pa kupimia huku beringi zilizo baada ya kizuizi zikiwa na kiu. Na injini ikizimwa mshale usiporudi sifuri, geji yenyewe imeharibika. Isiaminiwe tena mpaka ilinganishwe na nyingine iliyo nzima.

Mshale ukianguka mwendoni, tafadhali dereva asianze kutafuta sababu huku injini inazunguka. Apeleke gari pembeni, azime, asubiri dakika chache, kisha achomoe stiki ya oili, atazame chini ya gari, akague paipu na swichi.

Ombi langu kwa mafundi, kupitia gazeti lako Ndugu Mhariri, ni kwamba injini inayokabidhiwa baada ya kufunguliwa ikabidhiwe pamoja na zile namba mbili za presha, ya gari lililosimama na ya mwendo wa barabara, zimepimwa oili ikiwa ya moto na kuandikwa mbele ya mwenye gari. Na kwa anayetaka kununua gari la zamani, asikubali kulisikiliza likiwa baridi. Aombe kuendesha dakika 20, ajue uzito wa oili iliyomo, kisha geji ya majaribio ifungwe pale penye swichi ya taa na asome mwenyewe kabla ya kutoa fedha.

Wako,
Msomaji mwenye pikapu ya zamani